Koti Nililolifua

Jumatatu, 6 Juni 1994

Nimeloweka ulezi tangu asubuhi. Baridi kali, maji yanakata vidole. Kimea cha wiki iliyopita kimekauka vizuri, nyumba nzima inanukia. Yusta kanisaidia kuanua. Mwanangu huyu zamani alikuwa ananichosha kwa maneno.

Jioni kaja Deo. Anauza mitumba sokoni, mzigo anaufuata Tunduma. Kaleta sabuni ya kunukia kutoka Zambia, ile ya karatasi ya waridi. Shikamoo mama, kwa adabu zote. Amejipaka manukato mpaka kuku wakasogea. Alikaa karibu na mlango kama kawaida yake, anasema kimea kinamkaba koo. Sikuchukia. Kijana msafi, Mkatoliki, mama yake tulipata kipaimara siku moja. Mimi nampenda. Namwomba Mungu Yusta naye ampende.

Jumatano, 8 Juni

Nimegundua jambo, limeninyima raha. Siku ya Deo kuja, Yusta anaoga kwa ile sabuni, anajisugua shingo kama anaparua samaki. Siku ya Alhamisi haigusi. Maji matupu. Na Alhamisi ndiyo siku ya Masanja, kijana wa Kisukuma anayetuletea maziwa na samli kutoka boma la baba yake, ng'ambo ya Malangali.

Nilivyojua mimi, msichana anajipamba kwa yule anayemtaka. Huyu wangu anafanya kinyume. Nimemuuliza. Kasema, "Mama, hiyo sabuni inanifuta."

Sijaelewa. Au nimeelewa ndiyo maana naogopa.

Alhamisi, 9 Juni

Masanja kaja. Mrefu, mpole, akisalimia anaangalia chini. Amevaa lile koti lake kubwa la sufu. Kwao wanaume huota moto wa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, kila jioni, na ule moshi wote umeingia kwenye koti, na samli juu yake, na jasho. Linafika mlangoni kabla ya salamu. Mimi linanichafua roho.

Yusta alisimama karibu naye apokee kibuyu. Nikamwona anavuta pumzi. Polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Na yule naye alipoinama akavuta ya kwake, pale penye nywele za Yusta, ambazo zimejaa harufu ya kimea. Hawakugusana hata kidole. Nikaona aibu kama nimefungua mlango wa chumba cha watu.

Kaleta habari pia. Baba yake anahamisha ng'ombe, wanashuka bondeni Rukwa, huku malisho yamekwisha. Keshokutwa wanaondoka. Nikashukuru moyoni. Halafu nikaona vibaya kushukuru, nikamjazia kikombe cha togwa. Kanywa chote, kasema asante mama.

Jumapili, 12 Juni

Wameondoka jana. Ng'ombe wamepita barabarani, vumbi mpaka kwenye sufuria. Yusta hakutoka nje. Leo kwenye Misa ameimba. Nikasema basi, imekwisha.

Haijaisha. Nimekwenda kumtandikia, nikakuta koti la Masanja chini ya blanketi lake. Kaachiwa. Bondeni ni joto, mwenyewe halihitaji tena. Baba Yusta sikumwambia. Anatoka mashine ya kusaga mweupe kwa unga, amechoka, atapiga kelele bure.

Jumatano, 15 Juni

Analala mapema siku hizi. Nimechungulia. Anaingiza uso wote kwenye kola. Analala kama mtoto aliyeshiba ziwa.

Leo Deo kakaa naye, Yusta kamjibu vizuri, hata kacheka. Alipoondoka tu, Yusta huyo chumbani, haraka, kama mtu aliyebanwa na kiu.

Nikamweleza jirani, Mama Sesi. Ningenyamaza.

"Wewe Mama Yusta, umelala! Hiyo ni dawa. Wanaishona kwenye pindo. Mtoto anavuta dawa, wewe unahangaika na ulezi!"

Nikamcheka. Nilipofika nyumbani nikajaribu kucheka tena, kicheko hakikutoka.

Ijumaa, 17 Juni

Deo anataka kuleta washenga mwisho wa mwezi. Baba Yusta amekubali. Yusta alipoulizwa kasema, "Haya." Basi. Nilitegemea alie, au akatae, nimwambie maneno niliyoyapanga. Hiyo haya yake imenitisha kuliko kukataa.

Alipokwenda kuteka maji nikapapasa mapindo yote ya koti. Mifuko, kola, mikono. Hakuna kitu. Uzi tu na mafuta ya samli. Hamna dawa. Kama ingekuwepo ningeitoa, mambo yakaisha. Sasa nitoe nini?

Jumamosi, 18 Juni

Nimelifua.

Yusta alikuwa shambani anavuna. Nikachemsha maji, nikatumia sabuni ya Deo, kipande kizima kikaisha. Nikamimina na maji ya baraka niliyoyatunza tangu Pasaka. Nafikicha huku nasali Salamu Maria. Maji yametoka meusi, nikamwaga. Yakatoka ya kahawia, nikamwaga. Nikaendelea mpaka yakatoka meupe. Nilikuwa najiambia nafanya hivi kwa ajili yake.

Deo kapita, kaliona limeanikwa.

"Mama, hili koti si nililiuza mimi mwenyewe? Kumbe lilikuwa zuri hivi!" Kalinusa. Kafurahi. "Sasa linanukia kama duka."

Yusta karudi jua linazama. Kaliona kutoka mbali, katupa kikapu. Kaweka uso kwenye kola. Kaweka kwapani mwa koti. Akarudi kwenye kola. Kama ng'ombe anayenusa ngozi ya ndama wake aliyekufa. Nilikuwa nimesimama jikoni na mwiko, nasubiri anipigie kelele.

Hakupiga. Kalikunja, kaniletea. "Umelifua vizuri, mama." Kasema nimrudishie Deo akaliuze tena.

Jumatatu, 20 Juni

Halali. Kitanda chake kinalia mpaka kunakucha. Macho mekundu.

Leo tukipura ulezi akaniambia, bila kunitazama. Alikuwa ameshajipangia. Angeolewa na Deo, asitutie aibu. Koti angekwenda nalo, alifiche chini ya sanduku. Akizidiwa anafungua kidogo, anafunga. Lingemtosha.

"Ningekuwa hapa hapa, mama. Karibu na wewe. Sasa sura yake inanipotea. Nikifumba macho naona mtu mrefu tu."

Nikaendelea kupura. Nilidhani lile koti linamvuta. Kumbe ndilo lililokuwa linamzuia asiondoke.

Nilitaka kumwambia usiende. Hakuwa amesema anakwenda. Nikaogopa kumfundisha.

Alhamisi, 23 Juni

Kaondoka. Kitanda kimetandikwa, ndoo zote zimejaa maji. Baba Yusta kakimbia mpaka yanapopakilia malori ya Muze, kule bondeni, kakuta lori limeshatoka. Watu wamemwambia msichana mwenye kitenge cha kijani alikaa juu ya magunia ya chumvi.

Sabuni nyingine aliyoileta Deo hakuchukua. Aliingia jikoni asubuhi, akachota majivu, akaoshea nywele. Nilimwona. Nikadhani anaua chawa.

Jumamosi, 25 Juni

Nimemwambia Deo. Ilibidi niseme mimi, Baba Yusta alikataa kutoka chumbani. Kijana kakaa pale pale mlangoni. Kalia. Mwanaume mzima, na shati limenyooshwa.

"Mama, mimi nimekosa nini? Naoga mara mbili kwa siku."

Nimkosoe nini? Hajakosa kitu. Kijana mzuri kabisa huyu. Nikamshika mkono, nikakaa naye. Manukato yake yalinipanda kichwani lakini sikuondoka. Sina uwezo wa kumfanya mtu apendwe. Nilijaribu.

Jumapili, 26 Juni

Mama Sesi kanisubiri nje ya kanisa. "Nilikwambia!" Nimepita kama sikumsikia. Nilimsikia, ndilo kosa langu.

Baba Yusta nimemwambia habari ya koti, yote, na maji ya baraka. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kapangusa unga kwenye nyusi. Nikamuuliza, na wewe mimi ulinitakia nini? Hatujawahi kuulizana vitu kama hivyo tangu tuoane.

"Ulikuwa unanuka moshi wa kuni mbichi," kasema. "Mama yangu alikuwa hakutaki kwa ajili hiyo. Nilikuwa napita kwenu nikiwa sina safari."

Kisha kavaa kofia, katoka. Nimebaki nimekaa. Nina aibu kusema, nilifurahi kidogo. Halafu nikamkumbuka Yusta juu ya yale magunia, nikaumia upya.

Jumanne, 12 Julai

Kuna baba anayeleta samaki wakavu kutoka bondeni. Kapiga hodi leo. Kamwona Yusta. Mzima. Kaungua jua, anakama ng'ombe, amepigwa teke mara moja akacheka. Mama yake Masanja kampokea. Wazee wa kule watakuja kutuona mvua zikianza, wanajua wametukosea. Nikamuuliza anakula? Anakula. Analala? Yule baba akanishangaa. Kasema, mama, mambo ya kulala mimi nitajuaje?

Ujumbe wake ni mmoja. Anaomba mbegu ya maharage. Yale ya njano, ya huku juu kwetu.

Aliyekwenda kutembea haombi mbegu.

Nimeyamwaga kwenye ungo nikaanza kuchambua. Yaliyotobolewa pembeni, yaliyokunjamana pembeni. Baba Yusta karudi kazini, kavuta kigoda, kakaa upande wa pili. Naye akaanza. Vidole vyake vikubwa, anaacha mabovu mengi, napita nyuma yake.

Maharage ya baridi kwenye joto lile, sijui kama yataota. Nimejaza mfuko mpaka mdomoni. Nimeushona.