Leseni na Gauni la Nakijwa

Same, Jumamosi

Hatimaye nimeipata. Karani wa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, alinikabidhi leseni ya duka la ushonaji, akasema, "Sasa hutashona tena kwenye baraza za watu."

Miaka mitatu nimeshona barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka, kila asubuhi nikijiambia kwamba nitaweza. Mke wangu Nakijwa, aliyebaki milimani Mbaga, aliniambia tulipoagana, "Ukipata duka lako, nitashuka." Basi atashuka.

Jioni nilitandaza kitambaa cha maua nimshonee gauni la kumpokelea. Nikashika mkasi, nikasita. Sijui kama amenenepa au amekonda. Zamani kipimo chake nilikijua kwa mikono tu.

Nimekikunja kitambaa. Nitampima akifika.