Kilichokuwa Ndani ya Kifuniko cha Tangi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa pili.

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naipokea mapema ili usije ukasema dada yako alianza ugomvi kabla ya salamu. U hali gani huko? Kile kifua chako kinachobana wakati wa baridi kimetulia? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, na isipokuwa hasira, ambayo ndiyo iliyonikalisha mezani.

Kimedondoka kidude cha buluu kutoka kwenye bahasha. Usikitupe. Kishike mkononi usome.

Ningekupigia simu, lakini kila nikianza kukuambia ukweli mtandao wako unapotea. Barua haina mtandao.

Unajua mwanangu si mtoto wa kuokota njiani. Kwenye chuo chao cha ufundi wa magari walikuwa thelathini na mmoja, wanaume ishirini na tisa, na aliyeitwa wa kwanza kuchukua cheti ni yeye. Mimi niliyeishia darasa la sita nilikaa kiti cha mbele kama mke wa waziri. Leo mkuu wa gereji akisafiri, funguo anazibeba nani? Mwanangu. Wateja wanaleta magari wanasema, mpeni binti. Sisemi kwa majivuno, na hata yangekuwa majivuno nina haki nayo.

Sasa gari lako. Uliondoka mwisho wa likizo ukaliacha linanguruma. Wiki ileile mwanangu akampeleka Baba kliniki ya moyo. Nusu saa barabarani, kwenye ule mlima wa kabla ya daraja, gari likaanza kulegea. Anakanyaga mafuta, mwendo unapungua. Nyuma lori linapiga honi, ndani Baba ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Wakajivuta kando, wakakaa robo saa, likawaka, likaenda kana kwamba si lile lililolegea. Karibu na kliniki likalegea tena.

Mwanangu akabadilisha chujio la petroli, akasafisha la hewa, akakagua plagi, akapima pampu. Vyote vizima. Akilijaribu hapa mtaani linakimbia, likienda mbali linakata pumzi. Yule fundi wa kona mnayemwita Daktari aliweka sikio kwenye boneti, akasema injini hiyo ni ya kuzikwa.

Na wewe, badala ya kuuliza, ukatuma sauti kwenye kundi la familia: “Dada, huyo mwanao amelichokonoa gari. Siku moja atamuua Baba.”

Ukoo mzima ulisikia. Baba naye alisikia, maana Shangazi alimwekea simu sikioni. Tangu siku hiyo haingii kwenye gari kama mjukuu wake ndiye ameshika usukani. Amekosa kliniki mara mbili. Vidonge vyake anavikata nusunusu ili visiishe upesi. Nikimbembeleza, ananiambia kwamba wewe ulishasema. Mimi ninayemkanda miguu kila asubuhi, neno langu upepo. Lako wewe uliye mbali, msumari.

Mwanangu alikwenda dukani. Alinunua daftari. Kila safari akaandika dakika ngapi, tangi lina kiasi gani, mlima au tambarare. Akaona mambo mawili ya ajabu. Tangi likijaa, gari linalegea mapema zaidi. Na siku aliyosimama njiani kuongeza petroli, lilisahau ugonjwa wake kwa nusu saa nyingine. Huyo Daktari wenu angelala na daftari hilo kifuani asione kitu.

Jumatano alinichukua niwe shahidi. Tukaukwea ule mlima, gari likalegea kama kawaida yake. Hakugusa boneti. Alikwenda nyuma, akazungusha kifuniko cha tangi, na tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Akafunga, akawasha, likaumaliza mlima bila kuhema.

Akanieleza kwa lugha yangu. Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Ni kama kunyonya soda huku umeziba mdomo wote wa chupa. Utanyonya mpaka mashavu yaingie ndani, na hupati kitu. Tangi likijaa, hewa iliyomo ni kidogo, ndiyo maana linakabwa upesi. Kifuniko cha gari hili la zamani kina kitundu cha kupitisha hewa, na kitundu kimezibwa. Akakigeuza, akanionyesha.

Haya, kitazame ulichoshika. Duara la kandambili ya buluu, limechongwa jembamba kwa kisu, likabandikwa kwa gundi. Na nyuma ya mlango wa bafu kuna kandambili yako ya buluu yenye tundu la duara kisiginoni. Wiki sita mimi namlaani panya.

Ndipo nikakumbuka siku yako ya mwisho hapa, umesimama uani unajipiga kifua kwamba umeliziba tangi, hata tone la mvua halitaingia. Kweli, halikuingia. Haikuingia hata pumzi.

Nilitaka nitume picha kwenye kundi palepale mlimani. Mwanangu akaishika simu yangu. “Mama, mwache mjomba. Alitaka tu maji yasiingie.”

Uliyemwita muuaji ndiye anayekusitiri. Nililia ndani ya gari, kwa hasira na kwa fahari, sijui kipi kilitangulia.

Basi kwenye kundi sijasema, kwa ajili yake. Baba nimemwambia gari limepona. Akaniuliza kama wewe, mdogo wangu, umesema hivyo. Kwa hiyo kazi ni yako. Kliniki ni Alhamisi, tarehe ishirini. Nesi jirani yetu anapanda ndege kesho kuja huko na barua hii utaipata mkononi, kwa hiyo usije ukaisingizia posta. Sema mwenyewe, kwa sauti, palepale uliposema la kwanza, kwamba aliyeliziba ni wewe na aliyeliponya ni mjukuu wa Baba. Usiandike, Baba haoni maandishi ya simu. Usiseme kulikuwa na hitilafu. Sema kandambili.

Ukinyamaza, nitamwekea Baba hiyo kandambili mapajani nimweleze mimi, na unajua nikieleza sibakizi.

Msalimie wifi yangu, wabusu watoto. Shangazi anakusalimu. Mwanangu hajui kama naandika. Yupo nje analiosha gari lako, limevaa kifuniko kipya. Baba amekaa karibu naye kibarazani. Amevaa viatu vyake vya kliniki, na leo si siku ya kliniki. Anavijaribu tu.

Mungu akulinde, akujalie kifua chepesi na ulimi mzito.

Wako akupendaye hata leo,
Dada yako.