Zulia Juu ya Ufa

Mshauri wetu, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, sikukuu ya kijiji chetu, kwa sababu baada ya hapo huenda nikamhitaji padri badala yako. Naishi kwa wakwe zangu pamoja na mume wangu Ghenadie na binti yetu Sabina wa miaka tisa, na baba mkwe wangu, mzee Pamfil, tangu jirani Efrem afikishe mapipa manane ya divai hana raha, basi wakati wa baridi alishuka na sururu ghalani chini ya nyumba, akachimba kuelekea barabarani mpaka akapata nafasi ya mapipa matatu zaidi, sote tukampongeza, na hakuna aliyeuliza juu ya nafasi hiyo kuna nini, kumbe kuna ukuta wa chumba cha Sabina. Ufa ulianza mwembamba kama uzi pembeni mwa dirisha, Pasaka tukaupaka chokaa kama tunavyopaka kila kitu, Juni ukarudi, ukipanda ngazi kwa ngazi kati ya mawe, na sasa kidole changu kinaingia, mlango haufungi, na tufaha ukiliweka sakafuni linajiendea lenyewe ukutani.

Nilipomwambia mzee akanijibu, "Mkamwana, nyumba ikizeeka inajinyoosha. Hata magoti yangu yanalia, mbona hujaniitia mhandisi?" Ghenadie naye, "Raisa, baba aliijenga kwa mikono yake." Nikamwambia ndiyo, na anaibomoa kwa mikono hiyo hiyo.

Sasa kosa langu. Mama mkwe aliona aibu wageni wasije wakauona ufa, akaniomba zulia la waridi alilonifumia bibi yangu nilipoolewa, nami nikalitundika mwenyewe juu ya ufa, na chini yake ndipo kilipo kitanda cha mwanangu. Jumapili mzee atawashusha watu ishirini ghalani kuonja divai, ndiyo desturi. Je, nivumilie sikukuu ipite kwanza?

Raisa

JIBU

Raisa, hasira unayo, na ni ya haki. Kisha ukaitundikia zulia.

Mimi uhandisi sikuusomea. Nimejifunza kwa kutazama kuta za watu kila ninapoalikwa, wenyeji wakidhani nasifu mazulia yao. Nilichokiona ni hiki: kila nyumba ya zamani ina nyufa, na nyingi zimelala zake. Ufa uliolala, ukiupaka chokaa Pasaka, unaukuta vilevile Pasaka nyingine. Wako ulirudi Juni. Umepanuka, umeshika mlango, umeinamisha sakafu, na unajua nani alichimba chini yake na lini. Unangoja dalili gani nyingine, mama? Kuta kukuandikia barua?

Baba mkwe wako anaumwa magoti, sawa, lakini hakuna anayelala chini ya magoti yake. Na huyo Ghenadie mwambie hivi kutoka kwangu: kumheshimu baba si kumlaza mtoto wako mahali ambapo wewe mwenyewe hulali.

Leo, si kesho, Sabina ahame, na wewe usilale upande huo wa nyumba. Zulia lishuke. Chora mstari wa penseli kila ncha ya ufa na uandike tarehe, ili mzee asipate kusema macho yako yanakudanganya. Asubuhi mwite mwashi anayejua kuegemeza ukuta kwa magogo, na mhandisi kutoka mjini, na kama ukuta umetokeza tumbo au unasikia mawe yakilia, tokeni wote na mlale kwa Efrem. Msijaze lile shimo wenyewe kwa pupa. Mmeshachimba bila kuuliza, inatosha.

Ghala lifungwe na ufunguo ukae kwako. Hakuna mgeni atakayeshuka. Divai iliyoko chini ibaki chini. Meza itandikwe uani, mbali na ukuta ule, na watu wanywe divai ya Efrem. Mzee Pamfil atasema heri afe. Mmiminie gilasi.

Wageni wakiuliza kwa nini hawashuki, usimjibie. Waonyeshe chumba cha Sabina kutoka mlangoni, kitanda kikiwa kimeondolewa na ukuta uko wazi, na umwache mzee aeleze mwenyewe magoti yake.