Kitufe Kisichouliza

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, goti limepumzika, na Mama yuko karibu akikusomea pale mwandiko wangu unapokushinda, maana najua miwani umeikataa tena. Mwambie Mama namwamkia kwa heshima zote. Mimi mwilini ni mzima. Rohoni siwezi kukudanganya: tangu barua yako ya wiki iliyopita imfikie Kaka, sina amani.

Aliisoma amesimama jikoni, mikono ina povu la sabuni. Alipomaliza aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kwenye vyombo. Mimi ndiye niliyeitoa baadaye katika suruali ya kufuliwa, naomba radhi kwa udaku wangu, nikaona umemwandikia kwamba mtu anayechezea mashine za wagonjwa si mtu uliyemlea wewe, na kwamba asikanyage nyumbani mpaka kamati ya hospitali imsafishe. Kamati hiyo inakaa Alhamisi ijayo. Huenda akafukuzwa kazi, na kwa ninavyomwona, maneno yako yanamuuma kuliko kazi yenyewe. Nimechagua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unajua kwamba duka la uchapaji nililokuwa nikifanyia kazi lilifungwa, nikahamia kwa Kaka. Mwezi wa kwanza nilishinda nimelala kwenye kochi lake. Ndipo akaniambia habari za programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi mtandaoni; mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuleta marekebisho, na wenye uzoefu huyakagua bila kumdai cheti. Alisema waajiri huangalia kazi za namna hiyo. Aliyonichagulia ni konsoli, ukurasa unaofunguliwa katika kivinjari, ambamo fundi kama yeye anaziona seva zote za ofisi yake na kuziendesha. Kwa lugha yako ya umeme, ni bodi ya swichi: ukibonyeza hapa, kule mbali kitu kinawaka au kinazimika. Kaka anaitumia hiyo hiyo pale hospitalini. Nilimjibu kwamba mimi hata nikibadilisha balbu mnasimama mlangoni na ndoo ya mchanga. Alicheka, lakini hakuniacha.

Zilipita siku tisa kabla konsoli haijafunguka katika kompyuta yangu. Nilifuata mwongozo wa wachangiaji wageni mstari kwa mstari, na kila mstari ukanipa kosa jipya. Ilipofunguka nilipiga kelele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Kisha nikaenda kwenye orodha ya kazi ndogo walizowawekea wanaoanza, nikachukua moja. Katika ukurasa mmoja mpya, kitufe cha kufuta kilikuwa kinafuta papo hapo, bila kumuuliza mtu kama ana hakika. Kazi yangu ilikuwa kukifundisha kuuliza.

Msimamizi aliyekagua kazi yangu sijawahi kumwona. Anaishi mbali, na mimi na Kaka tulimpachika jina la Mzee wa Nukta kwa sababu mara ya kwanza alinirudishia kazi nzima kwa nukta moja iliyokosekana. Mara ya pili alisema sikuweka jaribio la kuthibitisha kwamba kitufe kinauliza. Mara ya tatu alitaka picha mbili, moja ya kitufe kabla ya marekebisho na nyingine baada yake. Alikuwa mpole, lakini aliongeza kwamba kazi za toleo jipya zingeacha kupokelewa Jumamosi saa sita mchana, na nisipowahi ningesubiri miezi mitatu. Nilikuwa nimeshajigamba kwa kila mtu, hata kwa muuza magazeti. Sikutaka kusubiri.

Sasa nikupeleke hospitalini. Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, mfumo wa foleni na dawa ulitoweka. Haukuzimika tu, ulifutika wote. Wauguzi walibaki wakiandika majina ya wagonjwa nyuma ya maboksi ya glavu. Bibi mmoja aliyefuata dawa yake ya moyo aliambiwa arudi Jumatatu, na jioni ile ile akaletwa amebebwa. Amepona, Baba, nimekwenda kuhakikisha kwa macho yangu, lakini alilazwa siku sita. Kaka aliitwa mbiombio, akahangaika na nakala ya akiba mpaka Jumapili mchana, na taarifa za siku mbili hazikupatikana kabisa. Walipokagua, waliona kwamba amri ya kufuta imetolewa na mtu aliyeingia kwa jina la Kaka. Mkuu wake alipomuuliza, alijibu kwamba jina ni lake na lawama ni zake. Shangazi naye akakufikishia kwamba alikuwa akichezacheza kazini, maana habari haimpiti Shangazi bila kutiwa chumvi.

Saa nne ile Kaka hakuwa kazini, Baba. Alikuwa dukani akininunulia mimi chaja. Aliyebonyeza ni mimi.

Ijumaa kompyuta yake ilikuwa kwa fundi, akaazima yangu aingie mara moja katika seva za hospitali. Akitoka aliniambia kwamba amechelewa, kwamba hajajiondoa kule, na kwamba nimwondoe kabla sijaendelea na kazi yangu. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, simu ikiwa sikioni. Sikio la kufa halisikii dawa. Konsoli ikiendeshwa kwenye kompyuta ya mchangiaji hufuata mlango uliofunguliwa mwisho, na mlango wa mwisho ulikuwa wa hospitali. Asubuhi nilipofungua orodha ya mifumo katika konsoli niliona jina nisilolizoea. Naapa niliona. Nikajiambia kwamba ni mmojawapo wa mifumo yangu ya kujaribia, maana nilikuwa nayo mingi na niliipa majina ya ajabuajabu. Nikatazama saa, nikabonyeza kufuta, ili nipate ile picha ya kabla ya marekebisho. Kitufe hakikuniuliza. Wewe ulitufundisha tusiguse waya kabla ya kuupima, hata tukiambiwa umeme umezimwa. Mimi niliona cheche na bado nikagusa.

Kaka alipopigiwa simu alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chaja mkononi, na mimi nilikuwa natuma picha. Aliporudia kwa sauti jina la mfumo uliofutika, nikalitambua: ndilo lile nililolibonyeza. Sikusema. Yeye alijua Jumapili, alipoona amri imetoka kwenye kompyuta ipi. Alinikalisha mezani, akaniambia taratibu kwamba aliyeacha mlango wazi ni yeye, na kwamba mimi ndiyo kwanza naanza, jina langu lisianze na doa. Akaniambia ninyamaze. Nami nikanyamaza kama maji mtungini. Jumanne Mzee wa Nukta akaikubali kazi yangu, jina langu likaingia katika orodha ya wachangiaji, na Kaka, aliyesimamishwa kazi asubuhi ya siku hiyo hiyo, akanipa mkono wa pongezi. Nikaupokea, Baba. Naona aibu ya mkono ule kuliko ya kitufe.

Mficha uchi hazai. Jana nilipiga moyo konde, nikaandika kila kitu, nikaambatisha kumbukumbu za kompyuta yangu zenye saa na dakika, nikazipeleka mwenyewe kwa katibu wa kamati. Alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza kama nina wakili. Sina. Mzee wa Nukta pia nimemwambia. Alijibu kwamba ukurasa wa kitufe kile ulipitishwa na yeye bila kuona kasoro, na kwamba yuko tayari kuieleza kamati hivyo kwa maandishi.

Kaka hajui kwamba nimefika kwa katibu. Atanikasirikia sana. Inawezekana wakamfukuza vilevile kwa kuacha mlango wazi, na mimi nikaitwa kituo cha polisi. Sikuombi uniokoe. Nakuomba umpigie simu Kaka leo hii hii, ukishamaliza kusoma, kabla ya Alhamisi. Ukingoja wao wamsafishe ndipo umkaribishe nyumbani, atajua kwamba mara zote mbili uliamini watu wengine, yeye hukumuuliza.

Mpe Mama pole, na umshike mkono akifika mahali pa yule bibi. Shangazi msomee barua yote, asiwe na pa kuongeza. Nisamehe utakapoweza, hata kama si leo.

Ni mimi binti yako,
niliyebonyeza.