Mama Akataa Kutafuna

Jumatatu, 3 Juni
Nimechemsha maji, nimefunga kanga mbili safi kwenye mfuko, nimetoka kwenda hospitali. Baridi ya mtaa wetu wa Lizaboni asubuhi inakata masikio. Genge langu la mboga bado nimelifunga.

Jana walimpasua Mama. Utumbo ulijisokota. Leo kazinduka vizuri, analalamikia kiu. Hatakula mpaka tumbo lianze kufanya kazi. Dalili ya kwanza ni kutoa hewa. Tunasubiri hewa.

Daktari kaniagiza bigijii zisizo na sukari, Mama awe anatafuna asubuhi, mchana na jioni. Nilidhani ananitania. Anasema mdomo ukitafuna, utumbo unadhani chakula kinakuja, unaamka. Nimezunguka mtaa wa Majengo karibu wote, nikazipata duka la dawa. Mama kazitazama, kageukia ukutani.

Jumanne, 4 Juni
Anakataa. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hakuna mtoto aliyeingia darasani kwake anatafuna. Aliwatemesha mlangoni.

"Mimi si mhuni, Anastazia."

Sauti ndogo, lakini ni ile ile ya darasani. Nimebembeleza. Nimekasirika. Nimeenda kulia nyuma ya jengo la kufulia, nikanawa uso, nikarudi. Mgongo unauma. Hewa hakuna.

Jumatano, 5 Juni
Siku mbaya. Tumbo limevimba, limekaza. Kichefuchefu. Daktari kabonyeza, kasikiliza kwa kile kipimo chake. Halafu kasema kesho asubuhi ikiwa hivi hivi atapigwa picha, na huenda wakamfungua tena.

Mara ya pili hataiweza. Mimi najua. Naye anajua, maana kaanza kuniambia nguo zake zipi nimpe nani.

Mchana kaja nesi wa zamu, Zawadi. Kapiga magoti kidogo pale kitandani.

"Shikamoo Mwalimu."

Kumbe Mama alimfundisha darasa la nne. Mama kamtambua, kaitikia. Nikamweleza Zawadi habari ya bigijii. Hakubembeleza. Kavuta stuli, kafungua mbili, moja kaiweka kwenye kiganja cha Mama, nyingine katia mdomoni mwake.

"Tutafune wote, Mwalimu. Ukiniambia niteme, natema."

Mama kamwangalia muda mrefu. Hakumwambia ateme. Katafuna amefumba macho, machozi yanamtoka. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jioni tumemshika huku na huku, tumemtembeza mpaka mlango wa wodi na kurudi. Katafuna tena, bila kuambiwa. Tumbo bado gumu.

Nampenda. Nimemchoka. Yote mawili ni kweli. Naogopa kesho.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi, tunamgeuza tubadilishe shuka, Mama kajamba. Wodi nzima ilisikia. Mama wa kitanda cha jirani kapiga kigelegele kabla hajajua anashangilia nini. Zawadi kapiga makofi. Mama kajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika mshono, anatuomba tumwache jamani, anaumia.

Daktari kapima. Tumbo limelegea. Hakuna picha, hakuna kufunguliwa. Nimemuuliza kama ni bigijii. Kasema huenda, huenda ni kutembea, huenda ni muda tu.

Alipoondoka nilikaa sakafuni.

Ijumaa, 7 Juni
Maji, vijiko vichache. Hajatapika. Nimelala kwangu, nimelala kama gogo.

Jumamosi, 8 Juni
Uji mwepesi leo. Umekaa tumboni. Ukungu umeondoka kwenye milima ya Matogoro, jua limeingia mpaka miguuni pa kitanda.

Nilisinzia kichwa kikiwa kwenye godoro lake. Nikasikia mkono kwenye nywele. Kaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana. Kasukuma bakuli kwangu, kanipa kijiko chake. Uji ulikuwa umepoa. Nimeunywa wote, ananitazama.