Neno kwenye Kioo cha Mama

Jumamosi, Kakamega

Na sijutii hata kidogo.

Senge Rispa, dada wa baba, hakumletea mama hata uji alipougua. Lakini siku ya kugawa vitu vya marehemu alikuwa wa kwanza kunyakua kioo cha shaba nilichomtengenezea mama kwa mtindo wa Waetruski, wale watu wa kale wa Italia ninaowafundisha wanafunzi wangu wa sanaa. Mgongoni nilichonga wanawake wawili wakisukana. Kisha akaniachia, eti nimng'arishie.

Nimeng'arisha. Halafu upande wa kujitazama, katikati kabisa, nikakwaruza kwa chuma: SUTHINA.

Leo amekuja kutoka Malava kukichukua.

“Hii umeandika ni nini?”

“Waetruski walikuwa wanaandika hivyo kwa vioo vya watu wa maana, senge.”

“Basi iko sawa. Wamama wa kanisa wataona.”

Sikudanganya sana. Waliandika hivyo kwenye kioo cha maiti, ili aliye hai asikitumie tena. Maana yake ni “cha kaburini”.

Naogopa tu binti yake asije akalitafuta neno hilo kwenye simu.

Kila asubuhi ukijipaka mafuta, senge, litakuwa usoni mwako.

Mama angenigombeza. Lakini kioo ni chake tena.