Sifuri ya Kaka Efraimu

Machame,
3 Desemba

Kaka Efraimu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje na baridi ya huko Mkuu? Mama naye ana maswali yake, nami nayaandika kama alivyoyasema ili asije akanilaumu: unakula nini, unapikiwa na nani, na kwa nini umekonda kwenye ile picha uliyotuma. Sisi hatujambo. Magoti ya Mama yanamsumbua kukiwa na ukungu tu. Ng'ombe amezaa dume, tukasikitika kidogo, lakini maziwa yapo. Upepo umeangusha migomba ya upande wa mfereji, kwa hiyo wiki hii ni mtori wa ndizi asubuhi, mtori mchana.

Najua utashangaa kupata barua kwa mkono wa kondakta wakati juzi tu tumeongea kwenye simu. Ndani ya bahasha kuna kitu ambacho simu haiwezi kukibeba. Nimekifunga kwenye karatasi, na nakuomba usikifungue mpaka nikuambie.

Ni habari ya lile gemu lako la mwizi. Uliponiachia mashine ulisema niangalie sinema, nicheze mpira, ila gemu la mwizi nisiliguse. Kaka, nililigusa. Subiri, usikunje barua. Nilianza mchezo wangu mwenyewe, levo ya kwanza, nikauacha wako ulipo. Nilitaka kujua ni nini kilichokuweka kwenye kochi miezi saba baada ya kuanguka mlimani, hata ukawa hutuoni sisi tunaopita mbele yako na ndoo za maziwa.

Sasa nimejua. Ni gemu zuri mno, na lina roho mbaya. Sijaona kitu kinachomheshimu mtu mvumilivu kama lile. Unajibanza gizani nyuma ya pipa, unasikia walinzi wawili wakimsengenya mkuu wao, mmoja analalamika buti zinambana, na wewe unajua ukihesabu mpaka kumi na mbili atageuka aende kuota moto. Mvua ikinyesha hatua zako hazisikiki. Ukipita kwenye zulia uko salama, ukikanyaga vigae umejitangaza. Siku nilipochomoa ufunguo kiunoni mwa mtu naye asijue, nilipiga vigelegele peke yangu mpaka maziwa yakamwagika jikoni.

Lakini yule mlinzi wa levo ya nne, mwenye taa! Sijui alizaliwa na macho ya namna gani. Nimejificha kabatini, mlango umefungwa, anasema ameona kitu. Siku nyingine nimesimama mbele yake kama mgomba, ananipita. Halafu hii habari ya kusevu mara moja tu kwa kila levo. Unatambaa saa nzima, umebakiza mlango mmoja, unakanyaga mkia wa paka, kwisha, rudi mwanzo. Nilimtukana yule paka kwa Kichagga, na Mama akatoka jikoni kuniuliza ni nani anayetukanwa kwenye nyumba ya Kikristo.

Ndivyo Mama alivyoingia kwenye gemu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, siku ya pili akakaa, siku ya tatu akaja na ungo wake wa maharage. Yule mwizi anamwita huyu kijana. Wizi haukumsumbua, maana nilimweleza kwamba mali zile ni za dhuluma na kijana anazirudisha kwa wenyewe. Kilichomkera ni adabu. Aliuliza kijana amelelewa na nani hata aingie nyumba za watu kupitia dirishani bila kusalimia mtu, na wale walinzi wamesimama tangu asubuhi hakuna hata mmoja aliyewauliza kama wamekula. Kila tulipofika mlangoni aliniamuru kijana apige hodi. Nikamweleza kwamba kitufe cha kugonga kipo kweli, lakini ni cha kumvuta mlinzi aje, na ukigonga bila mpango umekwisha. Akasema kumbe kipo, basi waliotengeneza walikuwa na wazazi.

Sasa nafika penyewe. Jumapili ya mavuno, baada ya mnada wa kanisani, tulirudi tumechoka na jua bado liko juu, na Mama akaomba aone kijana wako wewe amefika wapi. Nikafungua mchezo wako. Kuangalia tu, nilijiambia. Ilikuwa levo ya kumi na tano, ya mwisho, kijana amesimama kwenye lango la ikulu, na pale juu pameandikwa idadi ya mara ulizoonekana tangu mwanzo: sifuri. Levo kumi na nne, kaka, na hakuna jicho lililokuona. Mama alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasema mlango mkubwa namna ile lazima upigwe hodi. Na hodi ikapigwa.

Walitoka tisa. Kengele zililia mji mzima. Mama alifurahi sana, akasema naona sasa, wamekuja kumkaribisha. Mimi nilirukia waya nikauchomoa ukutani, lakini kumbe ukionekana mashine hujisevu yenyewe, na ilikuwa imeshajisevu. Nilipoiwasha tena palikuwa pameandikwa moja.

Juzi uliponiambia unakuja Krismasi kulimaliza, nami nikakujibu kila kitu kiko salama, nilikudanganya. Tangu Jumapili ile nacheza upya kwa jina lako, nikitaka kukurudishia sifuri yako kabla hujafika. Nimefika levo ya nne. Yule wa taa bado yupo.

Kuna jambo moja zaidi. Hapa nyumbani wote wanajua kwamba aliyebonyeza ni Mama. Niliwaambia mimi, kwa sababu hakuna anayeweza kumkasirikia Mama, na yeye mwenyewe hakanushi, anajisifu kwa kina mama wenzake kwamba hodi ile ni yake. Si kweli. Mama hajui hata padi inashikwa vipi. Padi ilikuwa mikononi mwangu, kitufe nilikijua, na kitakachotokea nilikijua. Nilibonyeza mimi, kwa makusudi.

Na hapa sitanii. Pasaka ulikuja kwa njia ya mgombani, nyuma ya zizi, ili watu wa barabarani wasikuone unavyochechemea. Ukaondoka mapema kwa njia hiyo hiyo. Jirani yetu Mzee Ndelilio, aliyekubeba mgongoni siku ile uliposhushwa mlimani, alikuja saa nne asubuhi na chupa ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kukujulia hali, akakuta kitanda kimetandikwa. Alikaa na Mama wakaongea habari za mvua, kisha akarudi kwake na chupa yake. Nilipoiona ile sifuri nilimkumbuka yeye na ile chupa, nikapandwa na hasira. Baadaye nililia, maana najua sifuri hiyo ndiyo iliyokuinua kitandani wakati sisi tulishindwa, na haikuwa yangu kuigusa.

Sasa fungua karatasi. Ni jani la isale. Nimelikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa. Unajua kwetu aliyeletewa hili hana ruhusa ya kukataa. Nisamehe, kaka yangu.

Ombi la pili halina jani, unaweza kulikataa. Krismasi shuka barabarani mchana, pita njia kubwa, mbele ya kwa Mzee Ndelilio, ufike mlangoni upige hodi. Mama ameshasema atakayefungua ni yeye, hata magoti yakigoma.

Anakusalimu sana. Ndama naye hana jina bado, tunakusubiri wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Aikaeli

Nilisahau: yule wa taa, kaka. Wewe ulimpitaje?